Fito za mtini, kutoka Miti hadi Goma

Tulitaka fito za kutengeneza sanamu hai, yaani umbo la miti iliyopandwa na kuunganishwa ikiwa inaota. Tuliondoka Goma, mashariki mwa Kongo, jioni kwa boti ya mizigo ya Ziwa Kivu, maana zile za mwendo wa kasi hazipokei fito ndefu wakati wa kurudi. Ilikuwa mwisho wa Septemba, mvua zimeanza kushika. Ukitangulia, jua la kiangazi hukausha fito kabla hazijatoa mizizi. Alfajiri tukashuka Bukavu, tukapanda gari la Kavumu hadi Miti, chini ya mlima Kahuzi.

Tulichofuata ni mtini mwitu, Ficus thonningii, ambao Rwanda huuita umuvumu. Kwa sanamu hai sioni mti unaoupita. Ufito wake ukichomekwa ardhini huota, na fito mbili zikibanana muda mrefu huungana zikawa mti mmoja. Wakhasi wa Meghalaya, India, hujenga madaraja ya mizizi hai kwa ndugu yake, Ficus elastica.

Tulikata kwenye nyua za wakulima, kwa malipo. Mianzi ya kushikilia umbo tulinunua ya kupandwa. Ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega ni chakula cha gorila, haiguswi.

Ufito mzuri una unene wa sentimita 2 hadi 3 na urefu wa mita 2.5. Chini ukatwe mshazari, juu ukatwe sawasawa. Majani yakishapukutishwa na mafungu kurundikwa botini, bila alama hiyo si rahisi kujua mguu ni upi, na ufito uliopandwa kichwa chini mara nyingi hufa. Mikono ipakwe mafuta kwanza, kwa sababu utomvu hunata na kuwasha. Kisha fito zilale kivulini usiku mmoja hadi utomvu ukome. Zikipandwa zinavuja, mguu huoza. Tulizifunga kwa magunia yaliyoloweshwa, tukaziweka nyuma ya shehena, kwani upepo wa Kivu usiku kucha hukausha vibaya sana.

Bandarini Goma tukapakia chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka mtaa wa Himbi. Hapo kuna makoro, mawe ya volkano, na makoro hayashiki maji. Tulipanga duara la mawe hayohayo bila saruji, upana mita 1.5, kimo sentimita 60, tukajaza udongo mweusi sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga.

Umbo lilikuwa sambaza, samaki mdogo wa Ziwa Kivu, aliyesimama wima, mkia chini. Fito 16 zilizikwa sentimita 40, nusu zimeinamia kulia na nusu kushoto, zikapishana karibu na ardhi kuwa kiuno cha mkia, zikatanuka juu ya pete za mianzi kuwa tumbo, zikakutana kileleni kuwa mdomo.

Uhai wa sanamu uko kwenye maungio. Kila zinapopishana, kwangua gome pande zote mbili hadi ukijani wa chini uonekane, urefu wa kidole gumba. Futa utomvu kwa kitambaa chenye maji, bana vidonda viangaliane, zungusha utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli mara nne au tano, ukiuvuta. Mpira hutanuka mti unaponenepa. Waya hautanuki: huzama kwenye gome, na sehemu ya juu hukauka. Baada ya miezi sita fungua. Ukiona midomo ya gome imevimba na kushikana, liache ungio wazi. La sivyo, kwangua upya.

Majani ya kwanza yasikudanganye. Hutoka kwa akiba iliyomo ndani ya ufito, hata kama mizizi haipo, na wengi huacha kumwagilia hapohapo. Endelea na ndoo moja kila baada ya siku mbili mvua inapokatika, hasa Juni hadi Agosti.

Pete za mianzi zitaoza zenyewe, na wakati huo shina litakuwa limeshajibeba. Ila usipande karibu na tangi la maji wala ukuta wa nyumba: mizizi ya mtini hutafuta ufa wowote wenye unyevu. Sisi tuliacha mita 10, tukazungushia mabingobingo dhidi ya mbuzi.