Kabla ya Kukata Tiketi: Ninavyopanga Upasuaji wa Tumbo Nje ya Nchi Nikiwa Mbeya

Wanawake wenzangu wa hapa Mbeya wanaofikiria kwenda nje ya nchi kufanyiwa upasuaji wa urembo huanza kwa kuulizana bei, kisha hospitali, kisha tiketi ya ndege, na suala la kurudi nyumbani huliacha mwisho kana kwamba litajipanga lenyewe. Mimi nimeamua kuanzia huko mwisho. Madaktari hodari wapo katika nchi nyingi, kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa nchi. Lilikuwa ni nani atakayeuangalia mshono wangu nikiwa nimekwisha kurudi kwangu Uyole, hapa Mbeya, wakati daktari aliyenipasua yuko ng'ambo ya bahari na anapatikana kwa simu tu, tena kwa saa zake za kazi. Kila uamuzi nilioufanya tangu hapo, kuanzia mwezi wa kusafiri hadi aina ya upasuaji ninaoukubali na ninaoukataa, umetokana na swali hilo.

Upasuaji ninaoutaka ni wa kuondoa ngozi iliyolegea tumboni na kukaza misuli iliyoachana baada ya uzazi. Wengi huuchanganya na ule wa kunyonya mafuta, ilhali kunyonya mafuta hakurudishi misuli mahali pake wala hakuondoi ngozi iliyozidi, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili ulio njia ya kupunguza uzito. Nimezaa watoto watatu, wawili kati yao kwa upasuaji, na kilichobaki ni mkunjo wa ngozi unaoning'inia juu ya kovu, ambao nikishuka Dar es Salaam wakati wa joto hutoka vipele hata kama nimeoga mara mbili kwa siku. Daktari hukata chini kabisa ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi nyingine, huinua ngozi hadi karibu na mbavu, hushona misuli ya katikati, hukata ngozi iliyozidi, kisha hukifungulia kitovu nafasi mpya. Kazi hiyo huchukua saa 2 hadi 4 chini ya nusu kaputi. Mara nyingi mgonjwa huamka akiwa na mirija ya kutolea majimaji na damu, huvaa nguo ya kubana kwa wiki kadhaa, na kwa takriban wiki 6 haruhusiwi kuinua kitu kizito. Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu matangazo huonyesha tumbo la kabla na tumbo la baada, na zile wiki za katikati hazionekani popote.

Nitaulizwa kwa nini nisiishie Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, hutoa huduma za upasuaji rekebishi na ndiko wengi walikokwenda kuwekewa puto tumboni la kupunguza uzito. Ni swali la haki, na mtu akiniomba ushauri nitamwambia aanze kwa kuonana na madaktari wa huko, hata kama hatimaye atasafiri. Sababu yangu ni ya kibinafsi na sioni haja ya kuipamba: Dar nina ndugu wengi mno, na mgonjwa aliyelazwa katika ukoo wetu hutembelewa na mabasi. Aliyejua mapema ni mama yangu mdogo wa Tukuyu, ambaye hakuzunguka. "Mwanangu, Mungu amekupa watoto watatu wazima, tumbo lina kosa gani?" Nilimjibu, "Halina kosa, mama, ila limenichosha." Alicheka, akanyamaza kidogo, kisha akauliza jambo lililonifaa kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa na mawakala: "Na ukirudi, nani atakupikia?"

Matangazo yanayonifikia simuni ni ya Uturuki zaidi, yakifuatiwa na India na Thailand. Bei hutajwa kwa dola, na karibu zote hudai kwamba kila kitu kimo ndani: hospitali, hoteli, vipimo, gari la kukupokea uwanja wa ndege. Mimi ni mhasibu, na kazi hii humzoesha mtu kutafuta katika karatasi kile ambacho hakikuandikwa. Hakikuandikwa ni nani atakayelipa iwapo damu itakusanyika chini ya ngozi na nikarudishwa chumba cha upasuaji usiku. Havikuandikwa pia usiku wa ziada wodini, chumba cha wagonjwa mahututi, faini ya kubadili tarehe ya tiketi, wala kitanda cha mtu atakayenisindikiza. Nililiuliza hilo la kwanza kwa maandishi pande mbili. Hospitali moja ya India ilinijibu kwa aya nzima, ikitaja yanayolipwa na wao na yanayolipwa na mgonjwa, na hadi siku ngapi baada ya upasuaji. Wakala mmoja alinijibu kwa kikatuni cha uso unaotabasamu na maneno "usiwaze hayo dada". Bima ya afya ya NHIF haigharimii upasuaji wa urembo, na bima nyingi za safari hazilipi madhara ya upasuaji ambao mtu ameufuata mwenyewe, kwa hiyo nimetenga fungu la pembeni ambalo si la tiketi wala la hospitali, nalo halitaguswa isipokuwa mambo yaende mrama.

Wakala huyo huyo ndiye aliyenishauri kwamba mafuta yatakayotolewa tumboni na kiunoni yasipotee bure, yahamishiwe kwenye makalio "kwa nyongeza ndogo tu". Nilikataa, na sababu ni vyema zijulikane. Mafuta yakidungwa ndani ya misuli ya makalio yanaweza kuingia katika mishipa mikubwa ya damu iliyopo pale, yakasafiri hadi kwenye moyo na mapafu, na mgonjwa akafa papo hapo mezani au muda mfupi baadaye. Tathmini ya madaktari iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria takriban kifo 1 katika kila upasuaji 3,000 wa namna hiyo, kiwango kikubwa mno kwa jambo ambalo si la kuokoa maisha. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake wasiufanye kabisa. Mwongozo wake wa 2022 ulilegeza ushauri huo kwa sharti kwamba mafuta yabaki juu ya misuli na daktari aongozwe na ultrasaundi wakati wa kudunga. Wakala wangu nilipomuuliza habari za ultrasaundi alidhani ninazungumzia ujauzito.

Wapo wanaoamini kwamba hatari hizi ni za kliniki za uchochoroni. Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, hakukosa fedha wala hadhi, lakini alifariki Oktoba 2005 baada ya upasuaji wa urembo wa tumbo mjini Marbella, Hispania, na mwaka 2009 mahakama ya huko ilimtia hatiani daktari wake kwa uzembe. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba hospitali ni nzuri kwa kuwa lobi yake ina marumaru. Ninachoangalia ni mambo mawili ambayo mawakala huyachanganya kwa makusudi au kwa kutojua: ithibati ya hospitali, kama ile ya JCI ya kimataifa au ya NABH kwa India, na sifa za daktari mwenyewe. Hospitali inaweza kuwa na ithibati zote na bado ukapangiwa daktari ambaye ubingwa wake si huo. Kwa India, jina la daktari hutafutwa katika rejista ya madaktari ya nchi hiyo, na ubingwa wa upasuaji rekebishi huonekana kwa shahada ya MCh au DNB ya fani hiyo. Jina nalitaka kabla ya kulipa. Asiyenipa jina hanipati.

Katika mazungumzo ya video na daktari wa India niliyempendelea, nilimwonyesha bega langu kabla ya tumbo. Pale nilipochanjwa utotoni pana keloidi, yaani kovu lililovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, na ngozi zetu nyeusi huelekea zaidi kufanya makovu ya namna hiyo, hivyo mtu anayepanga kukatwa kutoka nyonga hadi nyonga hana budi kulisema. Daktari aliniomba nisogeze simu karibu, akataka kuona pia makovu ya uzazi, ambayo kwa bahati yamelala vizuri, akasema kovu la uzazi humpa picha nzuri zaidi ya ngozi ya tumbo kuliko la bega, lakini hawezi kuniahidi chochote. Jibu hilo la kutoahidi ndilo lililoniongezea imani. Aliniuliza pia kama nimemaliza kuzaa, kwa sababu ujauzito mwingine huweza kuiharibu kazi yote. Akanitaka nipime wingi wa damu na nitaje dawa zote ninazotumia, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Mwezi wa kusafiri ulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Juni na Julai zina faida yake, kwa maana nguo ya kubana huvumilika zaidi katika baridi ya Uyole kuliko mahali pa joto. Lakini ndiyo miezi ya mafua, na aliyewahi kujifungua kwa upasuaji anajua kikohozi kimoja kinavyoutikisa mshono. Masika nayo ina matope, na njia ya kwetu kutoka barabara kuu hugeuka ya kuteleza. Nimechagua Septemba, baada ya baridi na kabla ya mvua. Pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, ninayo tayari, na India hutoa viza maalumu ya matibabu pamoja na viza ya msindikizaji, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kujiandikisha kama mtalii ili aokoe dola chache. Dada yangu mkubwa ndiye atakayenisindikiza.

Sasa safari ya kurudi. Damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu baada ya upasuaji mkubwa, na huweza kuganda pia kwa kukaa muda mrefu ndani ya ndege; anayeyaweka mawili hayo karibu karibu anajiongezea hatari ya kipande kukatika na kwenda mapafuni. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, hushauri kusubiri siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda ndege baada ya upasuaji wa tumbo. Mimi nimepanga kukaa zaidi ya hapo, hadi mirija iwe imetolewa na daktari awe ameukagua mshono kwa macho yake. Air Tanzania huruka moja kwa moja kati ya Mumbai na Dar es Salaam, jambo linaloniondolea saa za kusubiri katika viwanja vya kati. Kutoka Dar hadi Mbeya ndipo wengi hutaka kubana matumizi kwa kupanda basi. Barabara hiyo ina zaidi ya kilomita 800, ina matuta ya Mikumi, ina kona za Kitonga ambako abiria mzima hulazimika kujishikilia kwenye kiti, na ni siku nzima ya kukaa umekunja tumbo. Nitapumzika Dar katika nyumba ya wageni, bila kumwambia mtu, kisha nitapanda ndege hadi uwanja wa Songwe, Mbeya. Na kwa kuwa ukungu huweza kuichelewesha ndege ya asubuhi, bajeti yangu ina usiku wa akiba.

Nyumbani, mtungi wa gesi umekwisha kuhamishiwa mahali ambapo sitahitaji kuusogeza, na maji ya ndoo yatakuwa kazi ya kijana wa jirani kwa malipo. Mtoto wa mwisho amezoea kubebwa, naye ninamzoesha kupanda mwenyewe kwenye kochi na kukaa ubavuni mwangu. Mama mdogo ataacha migomba yake na kuja kupika. Alilisema hilo yeye mwenyewe, kwa sharti kwamba watakaouliza wajibiwe kuwa nimefanyiwa upasuaji wa ngiri, na nimeridhia, maana kukaza misuli ya tumbo hakuko mbali sana na hapo.

Lililobaki ni mshono. Nilikwenda kuonana na daktari wa upasuaji hapa jijini, nikamweleza mpango wote bila kuficha. Hakunikemea. Alisema atanipokea kwa sharti kwamba nirudi na taarifa kamili ya upasuaji: nini kilikatwa, nyuzi gani zilitumika, antibiotiki gani nilipewa, mirija ilitolewa lini. Aliniambia pia kwamba wapo bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu, ambao wamekwisha kuwapata wasafiri wa upasuaji wa urembo katika nchi kadhaa. Hukua polepole, uvimbe huonekana wiki kadhaa baadaye wakati mtu anadhani amepona, na antibiotiki za kawaida haziwawezi. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa alipasuliwa nje ya nchi anaweza kukosa kuagiza kipimo chake.

Kwa hiyo nimeiomba hospitali ya India kwamba daktari wao azungumze kwa simu na huyu wa Mbeya kabla sijatuma malipo ya awali. Wa hapa yuko tayari. Katibu wa kule amenijibu kwamba si utaratibu wao kuzungumza na madaktari wa nje kabla mgonjwa hajalipa. Nimemwandikia kwamba nitasubiri, na ikiwa jibu litabaki lilelile hadi mwisho wa mwezi, nitahamia hospitali ya pili katika orodha yangu, ambayo bei yake iko juu kidogo lakini imekwisha kunipa namba ya daktari mwenyewe.