Natembea milima ya Pfalz msimu wa majani kudondoka, na nakula njiani bila nguruwe wala mvinyo

Naishi Mannheim, Ujerumani, jirani na Pfalz, eneo la milima, misitu na mizabibu, na miaka ya mwanzo mwezi wa kumi ukiingia mimi ilikuwa ni kazini nyumbani, nyumbani kazini. Manyunyu, baridi, giza linawahi. Wenyeji ndo kwanza wanafunga buti wanaenda msituni, mzee kwa kijana. Kilichonitoa ndani mimi ni kuanza kupanga matembezi kwa majiko ya zile nyumba za kula za msituni badala ya kilomita, yaani toka jiko hili mpaka jiko lile ni mwendo wa saa ngapi, nikifika nakula nini, nikitoka hapo linalofuata liko wapi.

Sasa mimi ni Muislamu, mtu wa Tanga, na Pfalz ndo nchi ya mvinyo yenyewe. Chakula wanachojivunia kinaitwa Saumagen, tumbo la nguruwe limeshindiliwa nyama na viazi. Wengi walinambia huko utashinda na njaa. Si kweli kabisa.

Njia ninayoipenda kuliko zote naanzia Neustadt, mji wa Pfalz, kutoka Mannheim ni kama nusu saa tu kwa treni. Pale napanda kupita mashamba ya mizabibu hadi kasri la Hambach, lile ambalo Mei 1832 maelfu ya watu walilipandia na bendera nyeusi, nyekundu na dhahabu wakidai uhuru na Ujerumani moja, na rangi hizo ndo bendera ya nchi mpaka leo. Ukisimama juu unaona bonde lote la mto Rhine na mizabibu imegeuka manjano mpaka macho yanachoka. Kisha msitu unaanza, kipande kikali cha kupanda hadi Hohe Loog, mita 600 na kitu, na hapo ndo jiko la kwanza.

Hizi nyumba za msituni nyingi ni za Pfälzerwald-Verein, chama cha watembeaji kilichoanzishwa 1902, na nyingi wanaohudumia ni wanachama wenyewe wa kujitolea, kwa zamu. Unapanga foleni dirishani, unaagiza, unalipa, unabeba sinia lako mwenyewe na kukaa meza ndefu na watu usiowajua. Unasalimia, wanasogea, mnaongea. Beba keshi, kadi usiitegemee.

Mimi naagiza Weißer Käs, jibini laini jeupe lenye vitunguu na majani, na viazi vya kuchemsha vya moto. Au Dampfnudel nikiikuta, hiyo ni kama andazi kubwa la mvuke, juu laini jeupe na chini lina ukoko wa chumvi wa kahawia unaolia ukiukata, unakula na supu ya viazi au na sosi tamu ya vanila. Mimi supu! Ule ukoko wa chumvi ukichovya kwenye supu nzito ya moto na vidole vimekufa ganzi, wee acha tu. Ila uliza kwanza, maana supu mara nyingi ina Speck, vipande vya nguruwe, na Zwiebelkuchen, pai yao ya vitunguu, hivyo hivyo, na ukoko wa Dampfnudel uliza umekaangwa kwa mafuta gani. Sijawahi kuulizia nikaonwa msumbufu, kuna mama mmoja wa dirishani aliniambia leo supu yote ina Speck, akanikatia mkate mnene na jibini akanionyesha na meza iliyo karibu na jiko. Wenzangu wanakunywa mvinyo kwenye glasi ya nusu lita, mimi natiliwa glasi ile ile juisi ya zabibu na maji ya gesi.

Baada ya hapo ni Kalmit, mita 673, kilele kirefu kuliko vyote vya msitu ule, kuna nyumba nyingine ya chai na keki, halafu mteremko hadi Maikammer kupanda treni.

Njiani okoteni chestinati, kokwa za msituni za kuchoma, wenyeji wanaziita Keschde, zimejaa chini. Ya kuliwa ganda lake lina miiba mingi myembamba kama sindano, na kokwa ina ncha yenye kijishungi cha manyoya. Ile yenye miiba michache minene na kokwa ya mviringo isiyo na ncha ni sumu, iacheni. Kanyaga ganda na buti lifunguke, chukua za kutosha kula nyumbani, msibebe magunia. Zichane kwa kisu kabla ya kuziweka ovenini, zisipochanwa zinapasuka kwa kishindo.

Angalia siku za kufungua, nyumba nyingi ni wikiendi na labda Jumatano. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, kuanzia hapo saa kumi na moja na nusu jioni msituni ni kiza, beba tochi.

Dada mmoja wa Mombasa anayekaa Ludwigshafen aliniuliza, "Dadangu, na mimi mwenye mtoto wa miaka sita je?" Nikamwambia dada, pandeni basi pale stesheni Neustadt hadi kasrini, kisha mteremke kwa miguu kupitia mizabibuni mpaka mjini, na mfuko wa chestinati mkononi mtoto hatakumbuka kuchoka.