Mbu ndani ya hedifoni

Kwa miezi mitatu niliishi na mbu ndani ya kompyuta yangu. Nikisogeza mausi, analia. Nikiiacha, ananyamaza. Gemu ikianza na kadi ya michoro ikapata kazi, analia mfululizo, sauti nyembamba ya juu inayokaa palepale ambapo nyayo za adui zinatakiwa zisikike. Nacheza Valorant, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, usiku nikishafunga duka la dawa, mimi hapa Chumbageni, Tanga, mdogo wangu yuko Dodoma. "Dada, yuko kushoto kwako, anapanda ngazi!" Mimi sisikii ngazi wala kushoto. Nasikia mbu.

Nikaenda mjini kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta. Kijana wa pale alinisikiliza vizuri, akashusha boksi kutoka rafu ya juu. "Dada, chukua kadi ya sauti ya kuchomeka ndani. Kelele zinaisha, na FPS inapanda." Shilingi 280,000. Hela nilikuwa nayo, nilishaiweka tangu Ramadhani. Kilichonizuia ni hilo neno la mwisho. Mbu ningeamini anaondoka, lakini kadi ya sauti inaongezaje FPS, yaani idadi ya picha ambazo gemu inaonyesha kwa sekunde?

Nilirudi nyumbani nikasoma siku nne, na nililogundua ni kwamba ushauri ule uliwahi kuwa wa kweli. Kompyuta za kwanza za aina ya IBM PC zilikuwa na kispika cha kulia "piip" tu. Kadi ya AdLib ikatoka mwaka 1987, kisha mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster ya kwanza, na tangu hapo aliyetaka muziki na milio ya kueleweka kwenye gemu alifungua kasha akachomeka kadi. Baadaye kadi hizo zikawa na chipu za kupiga hesabu za mwangwi na uelekeo, prosesa, ubongo wa kompyuta, ikapumua. Windows Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, njia kuu iliyoziwezesha gemu kuipa kadi kazi hiyo moja kwa moja iliondolewa. Kuanzia hapo hesabu za sauti kwa kawaida hufanyiwa kwenye prosesa, na prosesa za leo hata hazihisi. Kwa hiyo FPS haipandi. Kijana yule hakunidanganya kwa makusudi. Alirithi maneno ya watu waliomtangulia kazini.

Basi leo kadi ya sauti inafanya nini? Kazi mbili, zote za umeme. Inapokea namba kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa mawimbi ya umeme, halafu inayapa mawimbi hayo nguvu ya kusukuma hedifoni. Karibu kila mazabodi ya siku hizi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ina chipu ya kufanya yote mawili. Yangu ni Realtek ALC897, wala si mbaya. Shida ni jirani zake. Imekaa kwenye ubao mmoja na vitu vinavyovuta umeme kwa mishtuko maelfu ya mara kwa sekunde, na tundu la hedifoni la mbele ya kasha limeunganishwa kwa waya mwembamba unaopita ubavuni mwa kadi ya michoro. Waya ule unaokota kila kelele inayopita.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi nilifanya majaribio ya bure, na nakuomba na wewe uanze huko. Nilihamisha hedifoni kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma, lililo kwenye mazabodi yenyewe. Mbu alipungua zaidi ya nusu. Nikasafisha matundu, maana sisi tunaokaa karibu na bahari tunajua hewa ya chumvi inavyokula shaba, na pini ya hedifoni yangu ilikuwa na ukijani. Hapa naongea kama mtu wa duka la dawa: tumia isopropili tupu. Spiriti nyingine za kujipaka mwilini zimechanganywa na mafuta, zitaacha utando kwenye pini. Mwisho nikachomeka hedifoni ileile kwenye simu. Kimya kabisa. Hapo nikawa na jibu: hedifoni ni nzima, masikio yangu ni mazima, uchafu wa sauti unaingilia ndani ya kasha.

Kama uchafu uko ndani ya kasha, kwa nini nikanunue kadi nyingine ya kukaa ndani ya kasha hilohilo? Zipo za ndani zilizofunikwa vizuri na zinafanya kazi, sizikatai. Ila kwangu njia iliyonyooka ilikuwa kuitoa sauti nje ingali namba, kwa waya wa USB, na kuigeuza kuwa umeme huku mezani, mbali na hao majirani.

Nikanunua kifaa kidogo cha USB kama kidole gumba, shilingi 15,000. Mbu akafa usiku uleule. Kama unacheza gemu tu na hedifoni zako ni za omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zile za kawaida, huenda safari yako inaishia hapa, na sioni sababu ya kukushawishi uendelee. Hela iliyobaki weka kwenye hedifoni. Tofauti kati ya hedifoni mbili unaisikia umekaa umbali wa mita. Tofauti kati ya kadi mbili nzima lazima uitafute.

Mimi niliendelea kwa sababu mbili. Ya kwanza, hedifoni zangu ni Beyerdynamic DT 770 Pro, nilizinunua zimeshatumika. Zinatengenezwa za omu 32, 80 na 250, na nilizopata mimi ni za 250. Hedifoni ya namna hiyo inataka volti. Kwa nyimbo za siku hizi, ambazo hurekodiwa kwa sauti ya juu, kile kidude kilitosha. Kwa zilizorekodiwa kwa sauti ya chini nilifika asilimia 100 na bado nilikuwa nazuia pumzi ili nisikie.

Na sauti ya chini ndiyo niliyokuwa naitafuta, maana sababu ya pili ni kanda za baba. Baba yangu alifanya kazi reli, na tangu ujana amehifadhi kanda kwenye kopo la biskuti: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, taarabu ya Black Star, bendi na vikundi vya hapahapa Tanga, nyingi alizirekodi kutoka redioni. Wino kwenye karatasi umepauka, baadhi hazisomeki ni za nani. Nimejipa kazi ya kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla utepe haujakatika.

Nilichomeka redio kaseti kwenye tundu la maikrofoni la kile kidude na nikarekodi kanda nzima. Ilikuwa mikwaruzo mitupu. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kupokea sauti hafifu mno na kuiongezea nguvu. Ukiliingizia sauti ya redio kaseti, iliyokwisha kuongezwa nguvu, inafurika na vilele vya mawimbi vinakatwa. Ukishakata huwezi kurudisha, hata uwe na programu gani. Unachotaka ni tundu la kuingizia sauti ya kawaida, ambalo nyuma ya mazabodi nyingi huwa la bluu. Vifaa vingi vidogo vya USB havina habari nalo. Kama na wewe una kanda nyumbani, uliza tundu hilo kabla hujauliza kitu kingine chochote.

Sasa namba za kwenye maboksi. Biti 24, kilohazi 192, nyingine biti 32, kilohazi 384. Sidi ni biti 16 na kilohazi 44.1. Yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, na vipimo hivyo vinatosha kubeba masafa mpaka hazi 22,050, na sikio la binadamu, likiwa changa na zima, huishia karibu hazi 20,000. Biti 16 zinakupa karibu desibeli 96 kati ya kimya na kishindo. Chumbani kwangu pangaboi linazunguka, dirisha liko wazi, na muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Hakuna kimya cha kuzijaza hizo desibeli 96. Kwa kurekodi, ndiyo, biti 24 ni msaada wa kweli, kwa sababu unaweka sauti chini kidogo ili isifurike na hupotezi kitu. Kwa kusikiliza sikulipia namba.

Niliyoichagua ni Sound BlasterX G6, ya USB, iliyotoka mwaka 2018. Niliipata kwa mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa ameitumia, ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Kange. Ina tundu la kuingizia sauti ya kawaida, inasukuma hedifoni mpaka za omu 600, na ina swichi ya nguvu ndogo na kubwa ndani ya programu yake. Ukivaa vile vya kuchomeka ndani ya sikio, tafadhali iache kwenye ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na mteja anayelalamika masikio yanalia usiku kucha mimi sina dawa ya kumpa.

Kwenye gemu kuna kosa nililifanya wiki nzima. Valorant ina mpangilio wake wa HRTF, yaani inaiga namna kichwa na sikio vinavyoibadilisha sauti kabla haijaingia ndani, ili ujue imetoka mbele, nyuma au juu. G6 nayo ina mazingira yake ya sauti ya kuzunguka. Nikawasha yote mawili nikidhani nazidisha. Kumbe sauti iliyokwisha kupewa uelekeo ikipewa tena, inavurugika: nyayo zinasikika kama ziko kwenye pipa, juu na chini huzitofautishi. Washa moja tu. Mimi nimebaki na ya gemu, kwenye G6 nimezima kila kitu, pamoja na ile hali ya kukuza nyayo, kwani inakuza na vingine vingi na masikio yanachoka. Mdogo wangu sasa haniambii tena kushoto. Juzi nilimwambia mimi, "Nyuma yako, ghorofani," akageuka, kweli yupo.

Ukitaka kulinganisha vifaa viwili, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Kile kinacholia kwa nguvu zaidi, hata kidogo sana, sikio hukiita kizuri. Nilifanya hivyo kati ya tundu la nyuma la mazabodi na G6 kwa nyimbo za siku hizi, na ukimwondoa mbu tofauti ilikuwa ndogo. Nasema hivi ili usije ukauza baiskeli yako ukanunue kadi.

Kwa kanda, hapo tofauti ni kubwa, japo sehemu yake inatokana na kusafisha kichwa cha redio kaseti kwa isopropili. Na palikuwa na kelele nyingine: nilipoichomeka redio kaseti kwenye umeme wa ukutani huku kompyuta nayo iko ukutani, ulitokea mvumo mzito wa hazi 50. Nyumba yetu haina waya wa ardhi unaoeleweka. Nilinunua betri sita kubwa, nikaiendesha redio kwa betri, mvumo ukakoma papo hapo.

Jumapili baba alikuja kutoka Ngamiani. Nikamvalisha hedifoni, nikaweka kanda mojawapo isiyosomeka jina. Mwanzoni alitulia, mikono magotini. Kisha akaanza kuongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea waliovaa hedifoni.

"Huyu wa pili huyu! Msikie!"

"Nani, baba?"

"Gitaa la pili. Nilikuwa nasimama mbele yao nalisikia, nikirudi nyumbani kwenye redio halipo. Nikasema labda hawalirekodi." Alinyanyua kidole, akawa analifuata hewani. "Lipo, mwanangu. Muda wote huu lilikuwemo."

Wimbo ulipokwisha hakuvua hedifoni. Aliuliza upande wa pili una nini. Nikaigeuza kanda, nikashusha sauti ya kurekodi kidogo, nikabonyeza.