Nilivyofundisha kazi ya ramani za bahari kwa simu

Ninafundisha uongozaji wa meli kwa makadeti wa sitaha, yaani wanafunzi wanaosomea unahodha, Mombasa. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 vijana walitawanyika, huyu Lamu, yule Voi, mwingine Kisumu. Aprili kuingia na kutoka Mombasa kukazuiwa. Tukaambiwa masomo yaendelee mtandaoni. Nadharia haikunitisha, ila kadeti hujifunza kwa kushika ramani, bikari na rula sambamba (rula mbili zilizounganishwa za kuhamishia mistari), na nyumbani kwao hamna hata kimoja.

Vipindi vya video havikudumu. Bando liliwaishia kabla sijamaliza kueleza kaskazini ya kweli na kaskazini ya dira. Nikahamia WhatsApp: sauti fupi, picha, na muda mrefu wa kujibu.

Ramani ndiyo iliyonitoa jasho. Nilichora pwani ya kubuni yenye mnara wa taa na maboya, wakaichapisha saiba kwenye karatasi ya A4. Badala ya rula sambamba walitelezesha pembetatu mbili za mkebe wa hesabu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, saiba wameipunguza ramani yangu, vipimo si vimeharibika?"

Nilimpenda kwa swali lile. Havijaharibika. Dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi, ni maili moja ya baharini, na kipimo cha latitudo kilicho ubavuni mwa ramani kimepungua sawia na ramani yenyewe. Ukipima kwa bikari ubavuni, usawa wa mahali meli ilipo, umepata. Pwani yangu niliiweka makusudi kwenye nyuzi 50 kaskazini, kwa kuwa huku kwetu karibu na ikweta dakika za latitudo na za longitudo zinakaribia kulingana na mkosaji angejificha. Meli ya noti 12 (maili 12 za baharini kwa saa) ikienda dakika 25 za saa hufika maili 5; waliopima kwenye ukingo wa juu wa ramani, penye longitudo, alama zao zilikomea maili 3 na kidogo. Picha moja tu ya karatasi ilinionyesha nani anaelewa na nani anabahatisha.

Redio ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kitufe cha sauti cha WhatsApp ni kama VHF, redio ya mawasiliano ya melini: unabonyeza, unasema, unaachia, unasubiri. Nilimpa kila mmoja jina la meli na mkasa wake, naye anitumie wito wa dhiki kwa mpangilio: Mayday mara tatu, jina la meli mara tatu, mahali ilipo, kilichotokea, msaada unaotakiwa, idadi ya watu. Aliyesahau mahali alipo nilimjibu kwa ukimya, mpaka akajishtukia.

Usiku niliwatumia picha nyeusi zenye nukta za taa za meli. Nyeupe juu ya nyekundu? Meli ya rubani, anayeingiza meli bandarini. Nyekundu juu ya nyeupe? Wavuvi. Mbili nyekundu wima? Haiwezi kujiongoza, mpishe.

Kuzima moto na kupindua chelezo cha kujiokolea kilicholala kifudifudi sikugusa kabisa. Mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, unataka baharia aonyeshe uwezo huo kwa vitendo, na moshi haufundishwi kwa picha. Mazoezi hayo yalingoja chuo kifunguliwe, ratiba ikabanwa hadi Jumamosi.

Redio sijairudisha yote darasani. Kila kundi jipya huanza kwa sauti za simu, ndipo tunaingia chumba cha simuleta, mtambo wa kuigiza safari ya meli.