Kusubiri Basi Mnazi Mmoja

Niliondoka Mtwara saa nane mchana, mwezi wa Februari, nikiwa na makala kuhusu nyota ziitwazo pulsa mkobani; nilikusudia kuyasoma njiani, lakini ghuba ya Mikindani ilinishinda. Pale Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, tairi la basi letu lilipasuka, nasi tukangoja kwa muda wa karibu saa mbili.

Mama aliyeuza korosho kituoni alizijua nyakati za mabasi kuliko sisi wasafiri. "Likichelewa moja, mwanangu, hilo lina lake," alinieleza. "Yakichelewa yote yatokayo Masasi, jua njiani kuna jambo." Nilifungua makala palepale.

Pulsa ni kiini cha nyota kubwa iliyolipuka, kilichoshindiliwa hadi upana wa kilomita 20 hivi, nacho huzunguka kikimulika mawimbi ya redio mfano wa mnara wa taa. Zile za kasi huzunguka mamia ya mara kwa sekunde, kwa utaratibu unaowawezesha wataalamu kutabiri mpigo utakaofika miaka ijayo. Wimbi la uvutano, yaani mtikisiko unaosababishwa na mwendo wa vitu vizito mno, likipita, hutanua na kubana anga lenyewe, mipigo ikawahi au ikachelewa kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Pulsa moja ikichelewa, huenda ina lake. Saa zetu za duniani zikikosea, pulsa zote zitaonekana zimekosea sawasawa. Wimbi lina alama yake, waliyoikokotoa wataalamu Hellings na Downs mwaka 1983: pulsa zilizo jirani angani huwahi na kuchelewa pamoja, zilizoachana kwa karibu pembe mraba huelekea kupingana, na zilizo pande mbili zinazotazamana huanza tena kupatana. Juni 2023, kundi la wataalamu wa Amerika Kaskazini, NANOGrav, lililotumia pulsa 67 na vipimo vya miaka 15, lilitangaza kuiona alama hiyo, sambamba na makundi ya Ulaya na India, Australia na China. Waliuita ushahidi, hawakuuita ugunduzi. Niliwaheshimu kwa hilo. Chanzo kinachodhaniwa zaidi ni majozi ya mashimo meusi makubwa mno, ambayo uvutano wake hauachii hata mwanga, yanayozungukana.

Saa mbili usiku nilikuwa ufukweni Lindi. Nilimwamkia mzee mmoja mvuvi, kisha nikamwonyesha upande wa kusini ile nyota ambayo Waarabu huiita Suhail, nikamwambia kwamba si mbali nayo ipo pulsa isiyoonekana kwa macho, J0437-4715, izungukayo karibu mara 174 kwa sekunde, na kwamba kwa pulsa za namna hiyo wataalamu huvizia mawimbi ya uvutano.

"Na wimbi lao moja hupita kwa muda gani?"

"Miaka mingi, mzee."

"Nao wanangoja tu?"

"Wanangoja."

Akatikisa kichwa, akausukuma mtumbwi, kwani maji yalikuwa yakipwa.