Mizani nane ndani ya daladala

Nilikuwa na masharti mengi ya kuandika. Iwe alfajiri, nyumba imetulia. Daftari liwe jipya. Na kubwa kuliko yote, ambalo hakuna aliyenipa: ushairi wa vina na mizani (silabi za kuhesabu) ni wa watu wa pwani; mimi wa Njombe nitauanzaje?

Hilo lilinitoka nilipomsoma Mathias Mnyampala. Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa 1917 mbali kabisa na bahari, na ndiye aliyeasisi ngonjera, zile tulizokaririshwa shuleni kila mgeni rasmi alipokuja. Hakungoja kuzaliwa Tanga.

Masharti mengine yaliondolewa na foleni za Dar. Mshororo wa utenzi una mizani 8, na ubeti mishororo 4. Kazi ndogo kiasi hicho inaingia kati ya Mbezi na Kariakoo hata ukiwa umesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine unahesabu. “Mtoto” ni mizani tatu, maana ile “m” inajitegemea. “Mbuzi” ni mbili tu. Vidole vimezoea mambo haya kabla ya kichwa.

Wa juzi huu hapa:

Konda nauli ataka,
Mfukoni naisaka,
Sarafu imeanguka,
Dereva gia atia.

Si ubeti wa kutundikwa ukutani. Lakini umekamilika, na zamani sikuwa nikikamilisha chochote. Wapo wanaosema vina na mizani ni pingu, na wanaopenda masivina, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, siwagombezi. Kwangu mimi pingu ilikuwa ukurasa mtupu ulioniruhusu kuandika lolote. Nilikuwa nautazama hadi chai inapoa. Mizani 8 hainiulizi kama nina kipaji. Inauliza kama zimetimia. (Na kama hazijatimia, jirani wa kiti ananiona nikinung'unika peke yangu, anasogea kidogo.)

Sasa nimejitia kwenye shairi lenyewe, mizani 16 kila mshororo, na vina vya kati, katikati ya mshororo, juu yake, kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Kina cha kati nimechagua “-ngwe”, sijui nani alinituma. Nina shangwe, nina mkongwe, nina Songwe anakotoka bwana harusi. Mshororo wa nne bado, na “ngwe” ya shamba imekataa katakata kuingia ukumbini.