Bi Salme, mama aliyeandika ili wanawe wamjue

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, maisha ya Sayyida Salme binti Said husimuliwa kama kisa cha mapenzi: binti wa Sultani, mfanyabiashara kijana wa Kijerumani aliyekaa nyumba ya jirani, mapaa yaliyotazamana, na meli iliyomtorosha usiku. Mama yangu alinisimulia hivyo hivyo, na sikatai kwamba mambo hayo yalitokea. Hata hivyo, wiki hii nimemrudia tena Bi Salme, na kwa mara nyingine naona kwamba wasimulizi hukomea pale ambapo sehemu ngumu na ya kijasiri zaidi ya maisha yake ndiyo kwanza inaanza. Ndoa yake ilidumu miaka mitatu na ushei. Ujane, malezi na ugeni vilichukua zaidi ya nusu karne.

Nayasema haya nikiwa mtoto wa mama aliyehama. Mama yangu alitoka Unguja akiwa kijana, akatulea katika nchi ya baridi, na sisi wanawe tulimjua nusu tu. Nusu ya pili tuliisikia usiku alipopiga simu kwao, sauti yake ikapanda, akacheka kicheko ambacho mchana hatukukisikia. Ndiyo maana nikisoma habari za Bi Salme nazisoma nikiwafikiria zaidi watoto wake.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika Jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji, mama yake Jilfidan akiwa suria wa Kicherkasi, watu wa milima ya Kaukazi, wa Sultani mwenyewe, Sayyid Said bin Sultan. Katika jamaa ile wasichana walifundishwa kuisoma Kurani, lakini kuandika hakukuhesabiwa kuwa jambo la mwanamke. Yeye akajifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao enzi hizo ndio uliotumika badala ya ubao, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu, moja baada ya nyingine, bila mwalimu wa kumsahihisha, mpaka mkono ukazoea. Habari zilipovuja akalaumiwa, naye hakuacha. Napenda kumwona akiwa hivyo, binti mdogo ameinamia mfupa mweupe, kuliko kumwona juu ya paa akimtazama jirani, kwa sababu karibu kila alichokuja kujifanyia baadaye alikifanya kwa kalamu.

Kalamu hiyo ilimponza mapema. Baba yake alifariki mwaka 1856 na mama yake mwaka 1859. Mwaka huo wa pili, akiwa na miaka 15, alijikuta mwandishi wa barua za siri za kaka yake Barghash, aliyekuwa akipanga kumwondoa kaka yao mwingine, Majid, katika kiti cha enzi. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki Unguja akiwa amevunja udugu na watu aliokuwa akiwapenda. Naamini upweke wa miaka ile ulimwandaa kwa safari kuliko mapenzi yenyewe.

Mwezi Agosti 1866, wanawake walipoteremka pwani usiku kuoga mwaka, desturi ya kuukaribisha mwaka mpya, yeye akiwa mjamzito aliingia mashuani, akapandishwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer na kupelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na huko alisubiri kwa miezi mpaka Rudolph Heinrich Ruete, yule mfanyabiashara wa Kijerumani, alipowasili. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Mtoto wao hakufika Hamburg. Alifariki Ufaransa, wakiwa bado njiani. Watembezaji wa wageni hulipita jambo hili mbio, na wengine hawalitaji kabisa. Mimi siwezi kulipita. Mwanamke wa miaka 22, aliyekwisha kuacha dini ya wazazi wake, lugha zake na ndugu zake wote, aliingia katika nyumba ya ukweni, kwenye mji ambao hakujua hata kumsalimu mtu wake, akiwa na msiba wa mtoto kifuani.

Watoto watatu walifuata upesi: Antonie Thawka mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie Ghuza mwezi Aprili 1870. Mwezi Agosti mwaka huo huo baba yao alipata ajali ya tramu ya farasi na kufariki. Mdogo alikuwa bado hajakaa.

Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Sheria za Hamburg za zama zile hazikumwachia mjane usimamizi wa watoto wake na mali yao peke yake. Waliwekwa wanaume wa kusimamia, na fedha zikaendelea kupungua. Angeweza kukata tamaa, au kuwaacha watoto kwa jamaa wa baba yao. Aliamua kubaki nao na kuwalea palepale, akahama nao mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali ambapo maisha yangekuwa nafuu, na akajipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Binti wa Sultani, aliyezaliwa katika jumba lenye mamia ya watumishi, alijifunza kuwasha moto wa jiko, kupanga matumizi na kushona nguo za wanawe. Ujasiri wa kupanda mashua usiku mmoja naufahamu. Huu wa kuamka kila asubuhi katika nchi usiyoizoea, ukatengeneza siku ya watoto kana kwamba una uhakika na kesho, naufahamu vizuri zaidi, maana niliuona nyumbani.

Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, alianza kuziandika miaka kama tisa kabla yake, naye mwenyewe ameeleza sababu. Aliandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi kuhusu asili yake. Afya yake ilikuwa dhaifu, na aliogopa kwamba hatafika siku ya kuwaona wakiwa watu wazima na kuwasimulia kwa mdomo. Kila ninapofika hapo huweka kitabu chini kwa muda.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na wanawe, katika msafara wa manowari za Kijerumani. Serikali ya Bismarck, Kansela wa Ujerumani, ilimtumia kumbana Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, na ilipopata ilichokitaka haikujali tena madai yake ya urithi. Watu wa mji walimsalimu barabarani. Kaka yake alikataa kumwona. Mwaka 1888 alijaribu tena, akaondoka mikono mitupu, kisha akahamia Jaffa na baadaye Beirut, alikokaa mpaka mwaka 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote.

Kumpenda hakunifumbi macho. Katika kurasa zake aliutetea utumwa, na aliwaandika watu weusi kwa dharau inayoniumiza, mimi ambaye bila shaka nina damu ya wale waliobebeshwa mizigo ya majumba yale. Mwaka 2019 Hamburg ilikipa kiwanja kimoja jina lake, na baada ya kurasa hizo kujadiliwa hadharani jina likaondolewa. Naona waliamua sawasawa. Kiwanja ni heshima ya mji mzima, na waliotumikishwa katika majumba ya baba yake wana haki ya kusikilizwa kabla ya heshima hiyo kutolewa. Kumkumbuka kama mama ni jambo jingine, na hilo nitaendelea nalo, pamoja na ubaya huo alioutetea.

Huwa najiuliza wanawe walifanya nini na kurasa alizowaandikia. Kwa Rudolph jibu lipo. Alilifanya Said kuwa sehemu ya jina la ukoo wake, akajiita Said-Ruete, na mwaka 1929, miaka mitano baada ya mama yake kufariki, akachapisha kitabu cha maisha ya Sayyid Said bin Sultan, babu ambaye alikuwa amefariki miaka 13 kabla yeye hajazaliwa.